Nasaba Nusu

Katika minada mikubwa ya Geneva, London na New York, saa haiuzwi kwa sababu inaonyesha majira. Kijana yeyote akishuka Darajani atapata saa ya bei ndogo itakayompa majira sawasawa, na pengine sawasawa zaidi. Kinachouzwa kule ni nasaba. Katalogi hueleza saa ilitengenezwa mwaka gani, ilipelekwa duka gani, nani aliinunua, alimpa nani, nani aliirithi, ikakaa sandukuni mwa nani. Na kila kiungo cha mnyororo huo kinapothibitishwa kwa barua, kwa picha au kwa stakabadhi, bei hupanda. Watu wa visiwani hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Wamekulia katika nyumba ambamo shajara ya ukoo huhifadhiwa kwa uangalifu kuliko hati ya shamba. Wanajua vilevile jambo la pili, ambalo madalali hawalitaji: kwamba nasaba huweza kukatwa, na kwamba aghalabu hukatwa pale penye bibi ambaye ukoo hautaki kumtaja.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa tarehe 26 Oktoba 2017, mjini New York, ilipouzwa saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman. Saa hiyo ni kronografu, yaani saa ya mkono yenye kazi ya ziada: ubavuni ina vitufe viwili, mvaaji akibonyeza kimoja mshale mwembamba huanza kuhesabu sekunde, akikibonyeza tena husimama, na kitufe cha pili huurudisha mwanzo. Ni chombo cha waendesha magari ya mashindano, na Newman alikuwa mmoja wao. Mkewe, Joanne Woodward, ndiye aliyemnunulia, kwa dola zipatazo mia mbili na kitu, akaamuru nyuma yake pachorwe maneno machache ya kumsihi aendeshe kwa hadhari. Mwaka 1984 Newman akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Mnadani ikafika dola milioni 17.7. Na haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ya chuma cha pua, chuma cha vijiko na masufuria. Hakuna aliyelipa hata dola moja kwa ajili ya chuma. Kililipwa kisa.

Hapo hapana ubaya. Mke aliyemhofia mumewe ajali, akachora hofu yake juu ya chuma, amefanya tendo la kishairi, na anayetoa mali yake kununua tendo la kishairi si wa kuchekwa na gazeti la washairi. Aidha, wakusanyaji wa saa wana sifa ambayo wanafasihi wengi wa Kiswahili hawana: hawaridhiki na uvumi. Wataifungua saa, watazame kila parafujo kwa lenzi, waseme hii ni ya asili na hii ilibadilishwa baadaye. Na iwapo uso wa saa umesafishwa ukang'arishwa upya, bei itaanguka, kwa kuwa alama za uzee nazo ni ushahidi. Laiti tenzi za zamani za mwambao zingehaririwa kwa ukali wa namna hiyo.

Ubaya upo kwenye mpaka ambapo ukali huo unasimama. Mei 2018, mjini Geneva, mkusanyaji ajulikanaye kwa jina la John Goldberger aliuza kronografu kutoka katika hazina yake: Daytona ya mwaka 1970, ya dhahabu nyeupe, iliyopewa jina la The Unicorn kwa kuwa haijulikani nyingine ya zama hizo yenye mwili wa dhahabu hiyo. Ilifikia karibu faranga milioni 6 za Uswisi, na fedha zake mwenyewe akazitoa kwa shirika la kuwasaidia watoto. Tendo jema, na mwenye nalo astahili shukrani. Lakini tazama nasaba. Saa ile hufuatwa nyuma hadi duka lililoipokea Ujerumani, hadi kiwanda kilichoiunda Uswisi. Kisha pazia linashuka. Ni kana kwamba dhahabu ile ilizaliwa kiwandani. Kila kitu ndani ya saa kina tarehe na nambari, isipokuwa kitu kimoja ambacho kwacho saa imekuwa ya pekee.

Jawabu la madalali lipo tayari, nalo si la kipuuzi: dhahabu haina kumbukumbu. Ya Geita huyeyushwa pamoja na ya Ghana na ya Peru, na bangili za marehemu na meno ya marehemu, zote katika chungu kimoja, na ikishatoka hapo hakuna duniani anayeweza kuitenga. Mche wa dhahabu hupigwa muhuri wa kiwanda kilichousafisha, pamoja na nambari yake, kiwango cha usafi na mwaka. Jina la mgodi halimo. Basi hapana awezaye kudai kwamba chembe moja ya saa ile ya Geneva ilitoka Geita. Na ieleweke kwamba mgodi mkubwa wa Geita, uliokuwa ukichimbwa tangu miaka ya 1930, ulikuwa umefungwa mwaka 1966, ukaja kufunguliwa upya mwaka 2000. Lakini hapana awezaye kukanusha pia. Dhahabu iliyochimbwa kabla ya 1966 haikufa. Ipo mahali fulani, imevaliwa na mtu.

Kama dhahabu ingekuwa ndiyo kitu pekee kitokacho katika ukanda ule, hoja ya chungu kimoja ingetosha kufunga mjadala. Lakini kutoka Geita, ukipita Kahama na kuendelea mashariki hadi Kishapu mkoani Shinyanga, unafika Mwadui, na Mwadui hutoka almasi. Almasi haiyeyushwi. Kila jiwe hubaki lilivyo, na la waridi ni adimu kiasi kwamba linaweza kufuatwa kutoka udongoni hadi shingoni. Hapa basi udhuru haupo, na hapa ndipo inapoonekana wazi kwamba nasaba inapokatwa, mkataji ana kusudi.

Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kikanada, John Williamson, aligundua mbale wa almasi pale Mwadui. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la waridi la karati zipatazo 54.5, naye akalitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka huo. Lilikatwa London likawa la karati 23.6, na mwaka 1953 sonara wa Cartier akaliweka katikati ya ua la almasi nyeupe, pambo la kifuani ambalo malkia alilivaa mpaka uzeeni. Picha zake akiwa nalo zimezunguka dunia nzima. Kila mwandishi wa vito anajua jina la aliyelitoa, jina la aliyepewa, jina la karakana iliyolitengenezea ua. Mikono iliyolikota udongoni, katika ardhi ya Wasukuma, haimo katika nasaba hiyo.

Malkia alifariki tarehe 8 Septemba 2022. Hata mwezi haujatimia barabara, tarehe 7 Oktoba 2022, Sotheby's wakanadi Hong Kong jiwe jingine la waridi la Mwadui. Lilikuwa la karati 11.15, ambazo ni gramu mbili na ushei, yaani halifiki uzito wa kijiko kimoja cha sukari. Jiwe ghafi lililozaa hilo lilikuwa la karati 32.32, na kampuni ya Petra, iliyokuwa ikiendesha mgodi, ilikuwa imeliuza mwaka uliotangulia kwa dola milioni 13.8. Hong Kong lilikwenda kwa dola milioni 57.7. Nalo liliitwa nani? Liliitwa Williamson Pink Star. Kwa maneno mengine, madalali walipotaka nasaba, waliipata mara moja. Walikwenda hadi Mwadui, wakachukua jina la mgodi ambalo ni jina la mtu, wakalitundika juu ya jiwe kwa kuwa jina hilo lilikuwa limeshapakwa rangi ya kifalme. Kumbe vito vina kumbukumbu. Hukumbuka wanapolipwa.

Mwezi mmoja kamili baada ya mnada huo, tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa Mwadui ulipasuka. Tope likashuka juu ya vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze, likafunika nyumba na mashamba. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Ni gazeti gani la vito lililoweka habari hizi mbili ukurasa mmoja?

Na kabla ya hapo, Mei 2021, Petra ilifikia mapatano mjini Londoni na watu 71 waliodai kudhulumiwa na walinzi wa mgodi huo. Kampuni ilikiri kwamba yalikuwapo matukio yaliyoleta vifo, majeraha na mateso kwa watu walioingia kuchimba bila ya ruhusa, ingawa haikukubali dhima ya kisheria. Mapatano yote, pamoja na gharama za mawakili na miradi ya vijiji, yalikuwa ya pauni milioni 4.3. Wadai hao 71 hawakutajwa majina hadharani. Ni haki wafichwe, kwa usalama wao. Lakini msomaji aupime mfumo ambao jiwe hutembea na jina lake mabara yote, ilhali aliyeumizwa kwa ajili ya jiwe hana budi kulificha lake.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kuchanganya mambo: mnada ni mnada, na dhuluma za walinzi ni habari ya mahakama. Mkusanyaji anauza kilicho chake, kwa bei anayoikubali mnunuzi mwenye akili timamu. Saa au jiwe havikumpiga mtu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mnada wenyewe ungeuza chuma na kaboni kwa mizani. Hauuzi hivyo. Umechagua kuuza kisa, na anayeuza kisa ana wajibu wa msimulizi. Dalali anayeweza kuthibitisha kwamba saa ilitolewa zawadi mwaka 1984, na nani na kwa nani, hawezi kusema tena kwamba yaliyopita hayamhusu. Yanamhusu kwa milioni 17.

Iko saa nyingine ya ukanda ule, isiyokuwa na mshale. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara la dhahabu liliporomoka huko Nyangalata, wilayani Kahama. Wachimbaji kadhaa walifukiwa, waokoaji wakajaribu, kisha wakakata tamaa, na matanga yakakalika. Tarehe 15 Novemba waliokuwa juu wakasikia sauti za watu chini ya ardhi. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mwenzao wa sita alikuwa amefia humo. Walikuwa wameishi kwa maji yaliyokuwa yakidondoka, kwa mizizi, kwa mende na vyura. Siku 41 bila ya jua, bila ya kujua asubuhi na jioni. Hakuna kronografu iliyopata kupima muda wa namna hiyo, na kama kungekuwa na dalali mwenye haki, angeianza nasaba ya dhahabu pale, katika giza lile, ambako mtu alihesabu muda kwa kiu. Agosti 2025 yalirudi yale yale huko Nyandolwa, mkoani Shinyanga: watu 25 walifukiwa. Habari ikakaa magazetini siku chache, ikaondoka.

Watu hao hawachimbi kwa mshahara. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe iliyobaki, kila mmoja akaenda karashani kusagisha bahati yake, kisha mwaloni, kisha zebaki, ambayo huikamata dhahabu chembe kwa chembe na kupanda na moshi inapochomwa. Mfuko unaweza kuwa na dhahabu, unaweza kuwa ni jiwe tupu. Tangu Machi 2019 Geita ina soko lake la madini, na mchimbaji mdogo hupata pa kuuzia kwa bei inayojulikana. Hilo ni jambo kubwa na lisibezwe. Ila jina lake linaishia kwenye stakabadhi ya soko hilo. Hatua moja mbele ya hapo kuna chungu kimoja.

Sasa ugeukiwe mwambao wenyewe, kwa kuwa ni rahisi mno kuwashutumu Waswisi kutoka barazani.

Hakuna neno lililotumiwa bure katika ushairi wa Kiswahili kuliko dhahabu. Mshairi akimsifu mwanamke, ni dhahabu. Akimsifu kiongozi, ni almasi. Akiusia watoto, ulimi wa mzee umekuwa hazina ya johari. Na akikwama kwenye kina cha -abu, baada ya adabu, tabu na hesabu kwisha, dhahabu ipo mlangoni inasubiri kuitwa. Tungo ngapi za mwambao zilizojaa dhahabu zinajua dhahabu inatoka wapi? Mshairi huichukua kama dalali anavyoichukua: imekwisha kusafishwa, imekwisha kung'arishwa, haina harufu ya zebaki. Nasaba yake inaanzia kwa sonara wa Mji Mkongwe. Hii nayo ni katalogi, ila yenye vina.

Wala si ada mpya. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilishuka pwani kwa mabega ya wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma wengi wao, zikapita Bagamoyo, zikapita forodha ya Unguja, zikaenda kuwa vibao vya piano katika viwanda vya Connecticut, Marekani, ambako mji mmoja hata uliitwa Ivoryton kwa sababu yake. Unguja inakumbuka majina ya matajiri waliogharimia misafara, na nyumba zao bado zinaonyeshwa wageni. Inakumbuka majina ya wapagazi wangapi? Mwambao ulikuwa dalali kabla ya Hong Kong. Ulijifunza mapema kwamba bidhaa ikifika bandarini, ni busara kusahau ilikotoka.

Ndiyo maana kuna kichekesho kidogo katika fahari ya baadhi ya watu, Unguja na Maskati, juu ya zile saa za Rolex ambazo Sultani Qaboos aliziagiza miaka ya 1970 kupitia duka la Asprey la London, zenye nembo ya jambia la Oman juu ya uso wake. Wakusanyaji huzitafuta usiku na mchana, na jambia likiwapo bei hupaa. Mzee anayezitazama picha zake akasema, "Hizi ni zetu," amesema kweli kwa kiasi. Ni zetu kwa jambia. Za dhahabu kati yake huenda ni zetu kwa njia ya pili, ya kupitia bara, lakini njia hiyo mzee haitaji, na hakuna aliyemfundisha kuitaja.

Udhuru wa washairi huwa kwamba ushairi si gazeti, na kwamba bara ni mbali, na lugha ya huko haijulikani. La kwanza ni kweli na halihusu. La pili lilikwisha siku ilipojengwa barabara. La tatu ndilo lenye uzito, na ndilo linalowahukumu. Mwaka 1969 Julius Nyerere aliitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi. Akawaita wale watu mabepari, na kwa neno moja akawa ameshatoa hukumu ambayo kichwa cha Kiingereza hakikuitoa. Ndani ya mchezo huo mna masanduku matatu, na aliyechagua la dhahabu alifungua akakuta fuvu. Kiswahili basi kilikwisha kupewa fuvu lililomo ndani ya sanduku la dhahabu, na mtu aliyelileta alikuwa mtu wa Ziwa. Tangu hapo wafasiri wa mwambao wamefasiri kutoka Kiingereza, Kiarabu, Kifaransa, Kijerumani. Kutoka Kisukuma, ambayo ni lugha ya watu wengi kuliko kabila lolote jingine la Tanzania, wamefasiri nini?

Maana ukanda ule si bubu. Usukumani kuna manju, na kuna makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu, ambayo kila mwaka baada ya mavuno hushindana kwa dansi na kwa nyimbo, kila manju akitunga mpya ya kumshinda mwenziwe, mbele ya umati unaoweza kutambua beti dhaifu kama vile mkusanyaji anavyotambua parafujo ya bandia. Nyimbo za jadi hiyo hutaja watu na hutaja mahali. Hutaja njaa ya mwaka fulani na mtu aliyekwenda asirudi. Mtu akitaka kujua nusu ya juu ya nasaba ya dhahabu na almasi, iliyokatwa na katalogi, hana haja ya kuipekua kumbukumbu ya Sotheby's. Ajifunze Kisukuma, na Kisumbwa na Kizinza kwa upande wa Geita, au aketi na anayevijua, azinukuu nyimbo hizo kwa majina yake yote, azifasiri kwa Kiswahili kisichong'arishwa kupita kiasi. Majarida ya visiwani, ambayo hupata nafasi kila toleo kwa qasida ya kumi juu ya kito cha moyo, yatapata kurasa nne kwa kazi hiyo.

Haraka ipo. Mwaka 2025 Petra iliuza hisa zake zote za Mwadui kwa kampuni iitwayo Pink Diamonds Investments, kwa bei isiyozidi dola milioni 16: hisa za mgodi mzima, zenye thamani ndogo kuliko thuluthi ya jiwe moja la gramu mbili. Mgodi unaendelea. Jiwe jingine la waridi likitoka litahitaji jina kabla ya kupelekwa mnadani, na waandishi wa katalogi watalitafuta pale walipozoea kulitafuta.